Sauti Ikikawia, Jembe Hukosea

Wazee wetu walituusia: kawia ufike. Usia huo ni wa hekima kwa msafiri wa baharini na wa nchi kavu, lakini yuko mtu mmoja ambaye kukawia hakumfikishi. Naye ni yule apitaye ufukweni au shambani na kifaa cha kutambua metali mkononi, akingoja mlio masikioni mwake umwoneshe mahali pa kuchimba. Mlio ukikawia hata kidogo, jembe lake hushuka pasipo na kitu, au, vibaya zaidi, hushuka ubavuni mwa kile alichokuwa akikitafuta.

Tunalisema hili kwa sababu madukani zimejaa hedifoni zisizo na waya za kila namna. Mnunuzi, awe mwananchi aliyepotelewa na pete au ofisa aliyekabidhiwa fungu la fedha za idara, huchagua kwa bei, kwa umbo, au kwa jina lililoandikwa juu ya boksi. Kwa maoni yetu, swali la kwanza ni jingine kabisa: sauti huchukua muda gani kufika sikioni?

Kifaa tunachokizungumzia si kile cha askari wa mlangoni, bali ni kile chenye mpini mrefu na sahani ya mviringo iitwayo koili. Umeme unaopita ndani ya koili huzaa nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika. Nguvu hiyo ikikutana na metali ardhini, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hurudisha ishara ambayo kifaa huigeuza kuwa mlio. Mtumiaji mzoefu hupambanua kwa mlio huo msumari na sarafu, kifuniko cha soda na pete. Kioo cha kifaa huonesha tarakimu, lakini macho yapo kwenye koili, na kazi ya kuamua imeachiwa sikio.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell alijaribu kuitafuta risasi hiyo mwilini mwake kwa chombo kilichounganishwa na kipokezi cha simu. Hakufanikiwa, na springi za chuma za kitanda cha mgonjwa zimetajwa kuwa miongoni mwa vilivyomchanganya. Miaka 60 baadaye, katika Vita vya Pili vya Dunia, ofisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alibuni huko Uskochi kifaa cha kutambua mabomu ya ardhini, kilichotumika mwaka 1942 katika mapigano ya El Alamein, Misri. Waliokitumia walivaa hedifoni. Zilikuwa za waya, na sauti ya waya hufika papo hapo.

Waya una udhia wake, wala hatuukani. Mtu akiinama kuchimba, waya hunasa katika mpini wa jembe. Akipita vichakani au kando ya mikoko, hunasa katika matawi. Na ukivutwa mara nyingi hukatikia ndani, pasipoonekana. Kwa hiyo hedifoni zisizo na waya zimekuja na nafuu ya kweli. Ila nafuu hiyo ina bei yake, na bei hiyo hailipwi dukani.

Katika hedifoni za kawaida za Bluetooth, sauti hufungwa kama mzigo, hurushwa kwa mawimbi ya redio, kisha hufunguliwa upande wa pili. Kazi hiyo yote yaweza kuchukua milisekunde 100 hadi 200, na pengine zaidi. Na milisekunde moja ni sehemu ya elfu ya sekunde. Anayesikiliza taarabu hapotezi kitu, kwa kuwa wimbo wote umechelewa kwa kipimo kimoja. Anayetafuta metali hupotea. Hebu tupige hesabu. Tuseme mtu anapitisha koili kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Sauti ikichelewa milisekunde 200, koili imekwisha kupita kitu kwa sentimita 20 kabla mlio haujasikika. Akirudisha koili kushoto, kosa hilo hutokea upande wa pili. Kwa hiyo kitu kimoja humlilia mahali pawili, palipoachana kwa sentimita 40, na katikati yake, mahali hasa kilipo, ni kimya.

Teknolojia iitwayo aptX Low Latency imepunguza ucheleweshaji huo hadi milisekunde 40 hivi, yaani sentimita 4 kwa mwendo ule ule. Baadhi ya watengenezaji wa vifaa hivi wameunda mitambo yao wenyewe ya kurushia sauti: Z-Lynk ya Garrett na Wi-Stream ya Minelab, kwa mfano, huchukua milisekunde 17, ambazo hazifikii hata sentimita 2. Mtu akitumia kifaa cha zamani chenye tundu la waya, aweza kuchomeka hapo kirushio kidogo cha namna hiyo bila ya kununua kifaa kipya. Lakini aangalie jambo moja: hedifoni na kirushio sharti vyote viwili viijue teknolojia hiyo ya haraka. Kimoja kikiwa hakiijui, vyote viwili hurudi kwenye mwendo wa polepole.

Yupo atakayesema kwamba mzoefu hupunguza mwendo anapokaribia kitu, na kosa likapungua. Ni kweli. Lakini ili apunguze mwendo, ni lazima kwanza ausikie mlio, na milio ya vitu vidogo ni mifupi mno. Hedifoni nyingine, zilizotengenezwa kwa ajili ya muziki, hujizima kidogo kunapokuwa kimya ili kuokoa betri. Mlio ukija ghafla, mwanzo wake humezwa. Basi kitu kidogo chaweza kupitwa kana kwamba hakikuwapo.

Kwetu sisi watu wa visiwani yapo mengine ya kutazamwa. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, nao hukitia kifaa kelele za uongo; upepo na mawimbi navyo huzidisha ghasia. Kwa hiyo ufukweni zafaa hedifoni zinazofunika sikio lote. Barabarani na penye pikipiki, yafaa kuacha sikio moja wazi. Kila hedifoni iwe na kidhibiti chake cha sauti, maana mlio mkali wa ghafla hudhuru. Wataalamu wa afya kazini huihesabu sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ndio mpaka wa usalama. Tundu la kuchajia nalo liwe na kifuniko madhubuti, kwa kuwa chumvi hula shaba upesi.

Na anayeingia majini asidanganyike. Mawimbi ya redio yatumikayo katika hedifoni hizi hayapenyi maji ya bahari ila kwa sentimita chache tu. Kisanduku cha kifaa kikizama, mawasiliano hukatika, hata kama kichwa cha mtumiaji kiko juu. Kwa kazi hiyo, hedifoni za waya zisizoingiza maji bado hazina mshindani.

Huenda msomaji akauliza: sentimita 20 zina uzito gani hata zitajwe katika safu hii? Tumjibu kwa ardhi yetu wenyewe. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Juu ya sarafu za fedha yalikuwamo majina ya watawala wa pwani hii hii, na kwa sarafu hizo historia ya visiwa hivi katika karne ya 11 ilipata ushahidi ambao hakuna kitabu kilichokuwa kimeuhifadhi. Thamani ya sarafu kama hizo haimo katika fedha yake peke yake. Imo katika mahali zilipolala, tabaka la udongo lililozifunika, na kigae kilichokuwa karibu nazo. Shimo lililokosea kwa sentimita 20 huvunja tabaka hilo, na tabaka lililovunjwa haliungwi tena.

Ndiyo sababu twasema kwamba magofu na makaburi ya kale si mahali pa kubahatisha. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu uchimbaji wa namna hiyo pasipo kibali. Na popote pale katika visiwa vyetu, mwananchi anayedhani amekuta kitu cha kale akiache kilipo, awaarifu wahusika wa mambo ya kale. Hedifoni nzuri haimpi mtu haki ya kuchimba. Humsaidia mwenye haki hiyo asiharibu.

Kwa maofisa wanaonunua vifaa kwa fedha za umma, tuna ombi dogo. Hati ya zabuni isiishie kwenye maneno "hedifoni zisizo na waya". Iandike ucheleweshaji unaokubalika kwa milisekunde. Itaje saa za betri, uwezo wa kustahimili vumbi na maji, na kwamba waya wa akiba uwemo ndani ya boksi. Kisha, kabla ya kutia sahihi ya kupokea mzigo, pafanyike jaribio lisilogharimu hata senti. Ilazwe pete ya fedha juu ya mchanga. Fundi apitishe koili kulia na kushoto kwa mwendo wake wa kazi, kwanza akiwa na hedifoni za waya, halafu akiwa na zile zilizoletwa. Kama mlio wa kwenda na mlio wa kurudi vyakutana juu ya pete, mzigo upokewe. Kama vyaachana, urudishwe kwa aliyeuleta.

Jaribio hilo halihitaji mtaalamu kutoka nje wala maabara. Lahitaji dakika 5 na ofisa asiyeona haya kupiga magoti mchangani mbele ya muuzaji. Kuuliza si ujinga, na kupima kabla ya kulipa ni wajibu wa kila aliyepewa dhamana ya mali ya wananchi.