Vyombo vya anga vinavyolinda Jua: Mfanyabiashara apewa onyo la siku mbili, uhakika wa dakika chache

Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilizorota ghafla katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mawakala wa forodha walishindwa kutuma nyaraka, malipo yalikwama, na wenye malori walikosa taarifa za magari yao yaliyokuwa njiani. Siku mbili tu kabla ya hapo, Ijumaa ya Mei 10, dunia ilikuwa imepigwa na dhoruba kubwa ya Jua, ya kwanza kufikia daraja la juu kabisa tangu Oktoba 2003.

Ilikuwa rahisi kuunganisha mambo hayo mawili, lakini hayakuhusiana. Tatizo la intaneti lilitokana na hitilafu ya nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, karibu na pwani ya Afrika Kusini. Dhoruba ya Jua nayo ilikuwa na madhara yake kwingine. Huko Marekani, wakulima waliokuwa katika msimu wa kupanda walilazimika kusimamisha matrekta yanayoongozwa na GPS kwa sababu mistari ya mbegu ilikuwa inakwenda kombo.

Kwa msafirishaji, tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Anayejua chanzo cha hitilafu anajua pia kama asubiri saa chache au atafute njia nyingine. Kwa upande wa Jua, taarifa hiyo hutoka kwa vyombo vichache vya anga vinavyolitazama usiku na mchana.

Kinachotoka kwenye Jua

Jua limezungukwa na tabaka la gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni moja. Tabaka hilo huitwa korona, maana yake taji. Neno hilo lilizoeleka mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa, lakini wanajimu walilitumia zamani kabla ya hapo. Mwanga wa korona ni hafifu mno ukilinganisha na uso wa Jua, hivyo kwa macho huonekana wakati wa kupatwa kwa Jua kikamilifu tu. Wakazi wa Pakwach, kaskazini mwa Uganda, waliiona kwa sekunde chache Novemba 3, 2013.

Mara kwa mara korona hulipuka. Nguvu za sumaku zilizojisokota hukatika na kurusha angani wingu la gesi yenye chaji ya umeme, ambalo uzito wake unaweza kuzidi tani bilioni moja. Wingu hilo hubeba sumaku yake. Mwendo wake hutofautiana: lipo la kilomita 300 kwa sekunde na lipo linalozidi kilomita 2,000 kwa sekunde.

Mlipuko huo usichanganywe na mmweko wa Jua. Mmweko ni mwanga na mionzi, na hufika duniani kwa dakika 8 tu. Unaweza kuvuruga redio za masafa marefu upande wa dunia wenye mchana, na hakuna onyo linaloweza kuutangulia. Wingu la korona ni kitu kizito kinachosafiri umbali wa kilomita milioni 150. Kwa mwendo wa kilomita 500 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tatu. Kwa mwendo wa kilomita 2,000 huchukua saa 21 hivi. Hapo ndipo nafasi ya kutoa onyo inapopatikana.

Mkono mbele ya taa

Dereva anayekutana usiku na gari lililowasha taa kali huinua mkono kukinga mwanga ili aone ukingo wa barabara. Kifaa kinachotumika kutazama milipuko ya korona, koronagrafu, hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Ni darubini yenye kisahani ndani yake kinachofunika uso wa Jua, ili korona hafifu iliyo pembeni ionekane.

Duniani kazi hiyo ni ngumu kwa sababu hewa hutawanya mwanga wa Jua na kuifanya mbingu yote ing'ae. Angani hakuna hewa. Ndiyo maana mlipuko wa kwanza wa aina hii kuonekana kutoka angani ulinaswa na chombo cha Marekani, OSO-7, Desemba 14, 1971.

Chombo kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote ni SOHO, mradi wa pamoja wa mashirika ya anga ya Ulaya, ESA, na ya Marekani, NASA. Kilirushwa Desemba 2, 1995 kwa mpango wa kufanya kazi miaka miwili. Juni 1998 mawasiliano nacho yalikatika, na mafundi walihangaika kwa miezi kadhaa kukirudisha. Kilirudi, na kwa zaidi ya miaka 25 baada ya hapo picha zake ziliendelea kuwa tegemeo la watabiri wa hali ya anga za juu. Mfanyabiashara yeyote anaelewa hatari ya kutegemea gari moja lililopita umri wake kwa biashara nzima.

Mwaka 2006 NASA ilirusha vyombo pacha, STEREO, kimoja kikitangulia dunia katika mzunguko wake na kingine kikifuata nyuma. Faida yake ni kuona mlipuko kutoka ubavuni. Wingu linalokuja moja kwa moja duniani huonekana kwenye picha kama pete inayozunguka Jua, lakini wingu linalokwenda upande wa pili nalo huonekana hivyo hivyo. Anayetazama kutoka pembeni ndiye anayeweza kusema linaelekea wapi. Kimoja cha vyombo hivyo kilipotea mwaka 2014.

Julai 23, 2012, kile kilichobaki hadi leo, STEREO-A, kilipigwa na wingu lililotoka kwenye Jua chini ya saa 20 kabla. Dunia haikuwa kwenye njia ya wingu hilo. Kama mlipuko ungetokea kiasi cha wiki moja mapema, sehemu ile ya Jua ingekuwa imeelekea duniani. Wanasayansi waliochunguza vipimo vyake waliulinganisha na dhoruba ya mwaka 1859, iliyovuruga simu za maandishi za Ulaya na Marekani na kuwapiga shoti baadhi ya waendeshaji wake.

Mzigo haujulikani hadi mizani ya mwisho

Picha za koronagrafu zinaonyesha kwamba wingu limeondoka, ukubwa wake, mwendo wake na uelekeo wake. Kutokana na hayo watabiri hukadiria muda wa kufika. Hata hivyo makadirio hayo hukosea kwa wastani wa saa 10 hivi, kabla au baada.

Jambo muhimu zaidi picha haziwezi kulionyesha. Nguvu ya dhoruba hutegemea sana sumaku iliyomo ndani ya wingu inaelekea wapi. Ikielekea kaskazini, sumaku ya dunia hulizuia wingu na madhara huwa madogo. Ikielekea kusini, sumaku hizo mbili huungana na mlango hufunguka. Mawingu mawili yanayofanana kabisa kwenye picha yanaweza kuleta matokeo tofauti kabisa.

Ni sawa na lori lililoonekana likitoka bandarini bila mtu kujua limebeba nini hadi lipite mizani. Kwa mawingu ya Jua, mizani hiyo iko katika eneo liitwalo L1, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea kwenye Jua. Huko chombo kinaweza kukaa mbele ya dunia muda wote na kupima upepo wa Jua unapokipita. Marekani iliweka huko chombo ACE mwaka 1997 na DSCOVR mwaka 2015.

Tatizo ni umbali. Kilomita milioni 1.5 ni asilimia moja tu ya safari nzima. Kwa safari ya lori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, ambayo ni zaidi ya kilomita 900, ni kama mizani ya pekee ingewekwa kilomita 9 kabla ya mpaka. Wingu la kilomita 500 kwa sekunde likishapimwa L1 hufika duniani baada ya dakika 50. Lile la kilomita 2,000 hufika baada ya dakika 12 au 13.

Kwa hiyo onyo huja mara mbili. La kwanza hutolewa siku moja hadi tatu kabla, na halina uhakika. La pili lina uhakika, lakini huacha dakika chache tu. Mtu anayengoja uhakika ndipo ajiandae atakuwa amechelewa.

Hasara zilizokwisha kutokea

Machi 13, 1989, dhoruba ya Jua iliangusha gridi ya umeme ya jimbo la Quebec, Kanada, kwa muda usiozidi dakika mbili. Watu wapatao milioni 6 walikaa gizani kwa saa 9 hivi.

Nchi zilizo karibu na ncha za dunia ndizo hupata madhara makubwa ya umeme, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa Afrika iko salama. Lakini baada ya dhoruba za mwishoni mwa mwaka 2003, wahandisi wa Afrika Kusini walichunguza transfoma kubwa zilizoharibika na kuhusisha uharibifu huo na dhoruba hizo. Leo nchi hiyo ina kituo cha saa 24 cha kufuatilia hali ya anga za juu, kilichoko Hermanus chini ya shirika lake la anga, SANSA.

Mfano wa karibuni unawagusa zaidi wafanyabiashara. Februari 3, 2022, kampuni ya SpaceX ilirusha setelaiti 49 za intaneti za Starlink. Dhoruba ya kawaida tu, isiyo kubwa, ilipasha joto tabaka za juu za hewa. Hewa ilitanuka, setelaiti hizo zilizokuwa bado chini zikakutana na msuguano uliozidi, na 38 kati yake zikaanguka na kuungua. Funzo ni kwamba hasara hutegemea pia mali iko katika hali gani siku dhoruba inapofika.

Inahusu nini barabara za hapa

Usafirishaji wa mizigo kwenda nchi jirani sasa umefungwa kwenye setelaiti. Kenya, Uganda na Rwanda hutumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki zinazotambua mahali lori lilipo kwa GPS. Meli zinazoingia Mombasa na Dar es Salaam hutumia GPS, na ndege za mizigo hutumia GPS na redio za masafa marefu.

Mawimbi ya GPS hupita katika tabaka la juu la anga lenye chaji ya umeme. Dhoruba ikilichafua tabaka hilo, mawimbi huchelewa au hupotea. Kifaa kinaweza kuonyesha lori liko nje ya barabara, au kisionyeshe chochote. Ukanda wa ikweta una tabia ya mawimbi hayo kuyumba baada ya jua kutua hata siku isiyo na dhoruba.

Tabia hiyo inaweza kumgharimu mtu asiye na kosa. Lori likitoweka kwenye skrini au likionekana limeacha njia iliyoidhinishwa, dereva anaweza kushukiwa kuchepusha mzigo. Kwa sababu hiyo ni busara kwa msafirishaji kuweka kumbukumbu ya saa na mahali mawasiliano yalipokatika, kuwa na nakala za karatasi za nyaraka za mzigo, na kumpigia dereva simu kabla ya kuamua kuwa kuna wizi. Kazi inayodai vipimo sahihi sana, kama upimaji wa viwanja vya maghala, ni vyema kuisogeza mbele kwa siku moja au mbili.

Tahadhari za dhoruba hutolewa bure na kituo cha utabiri cha Marekani kilicho chini ya NOAA, kwa madaraja kuanzia G1 hadi G5. G1 na G2 ni mambo ya kawaida. Ikitangazwa G4 au G5, afadhali mwenye magari ajiandae siku hiyo hiyo.

Macho mapya

Hali ya vyombo imeanza kuwa nzuri. India ilirusha Aditya-L1 Septemba 2, 2023, na chombo hicho kilifika L1 Januari 2024. Juni 25, 2024 Marekani ilirusha setelaiti GOES-19 ikiwa na koronagrafu iliyotengenezwa mahususi kwa utabiri wa kila siku. Desemba mwaka huo Ulaya ikarusha Proba-3, setelaiti mbili zinazosafiri pamoja kwa umbali wa mita 150, moja ikiikinga nyingine na Jua. Septemba 24, 2025 Marekani ilirusha SWFO-L1, yenye koronagrafu na vipimo vya upepo wa Jua kwa pamoja.

ESA nayo inaandaa chombo Vigil, kinachopangwa kurushwa mwaka 2031, ambacho kitalitazama Jua kutoka ubavuni na kuona sehemu zake zenye hatari kabla hazijageukia dunia.

Hata hivyo, mizani ya L1 itabaki pale pale ilipo, asilimia moja kabla ya mwisho wa safari. Vyombo hivi vitapunguza makosa ya saa za kufika, lakini bado dakika za mwisho ndizo zitakazotoa jibu kamili. Maandalizi ya msafirishaji yanapaswa kuanza mara wingu linapoondoka kwenye Jua.