Uniti Sabini na Tano: Hesabu ya Umeme Nyumbani kwa Mwanachama

Umeme umekwisha kufika katika vijiji vingi vya Tanzania, na wanaushirika wengi wanautumia majumbani mwao. Hata hivyo, manung'uniko yanasikika kila mahali kwamba umeme hauishi kununuliwa, na kwamba fedha ya mauzo ya mazao inaishia katika mita. Mwanachama anayepima pamba au kahawa yake kwa mizani, na kudai stakabadhi ya kila kilo, mara nyingi hununua umeme bila kujua ni chombo gani kinachoula. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unahusu mita kama unavyohusu ghala.

Bei na mpaka wake

Kwa agizo la bei lililotolewa na EWURA mwaka 2016, wateja wadogo wa majumbani waliwekwa katika daraja liitwalo D1. Mteja wa daraja hilo hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo hulipiwa shilingi 350. Wateja wa matumizi ya kawaida wamo katika daraja T1, ambamo kila uniti ni shilingi 292 tangu ile ya kwanza. Bei hizo ni kabla ya kodi na tozo.

Yafaa hesabu hii izingatiwe. Nyumba itumiayo uniti 75 katika D1 hulipa shilingi 7,500. Nyumba hiyohiyo ikiwa katika T1 hulipa shilingi 21,900 kwa umeme uleule. Mteja wa D1 ambaye wastani wa matumizi yake unapita uniti 75 anaweza kuhamishiwa T1. Kwa hiyo mpaka wa uniti 75 ni jambo kubwa kwa mwenye kipato kidogo. Ukigawanywa kwa siku 30, mpaka huo ni uniti mbili na nusu kwa siku.

Jinsi uniti inavyohesabiwa

Uniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa muda wa saa moja. Wati za kila chombo zimeandikwa mgongoni au chini yake. Mwanachama azidishe wati kwa saa za matumizi, kisha agawanye kwa 1,000. Jibu ni uniti.

Tuseme nyumba ina taa tano za LED za wati 9, zinazowaka saa tano kila usiku. Kwa mwezi taa hizo hula karibu uniti 7. Televisheni ya wati 60 ikiwashwa saa tano kwa siku hula uniti 9. Jokofu dogo, likila uniti moja kwa siku, litamaliza 30. Pasi ya wati 1,000, ikitumiwa saa moja mara mbili kwa wiki, huweza kula karibu uniti 9. Redio na chaja za simu zikihesabiwa uniti 2, jumla ni 57. Nyumba hiyo imo ndani ya mpaka, nayo italipa shilingi 5,700.

Sasa taa zile tano ziondolewe, ziwekwe balbu za kizamani za wati 60. Balbu hizo zitakula uniti 45 badala ya 7, na jumla itapanda hadi 95. Hakuna chombo kilichoongezwa wala saa iliyozidishwa, lakini malipo katika D1 yatakuwa shilingi 14,500, na katika T1 yatakuwa shilingi 27,740. Sababu ni kwamba balbu ya kizamani hutoa mwanga kwa kuchemsha waya, na sehemu kubwa ya umeme wake hupotea kuwa joto.

Vyombo vya joto

Hapo ndipo ilipo kanuni ya kukumbukwa: chombo kinachotoa joto ndicho kilaji kikubwa. Jiko la umeme la wati 1,500 likipika maharage kwa saa mbili laweza kula uniti 3, nazo zinapita kiasi cha siku nzima. Kifaa cha kuchemshia maji bafuni chenye wati 5,000 hula zaidi ya nusu uniti kwa dakika 8 tu.

Haya hayana maana kwamba mwanachama arudi kwenye kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unahimiza kinyume chake. Jambo la maana ni kuchagua chombo. Sufuria la presha la umeme huivisha maharage kwa umeme usiofika nusu ya ule wa jiko la wazi, kwa kuwa joto lake limefungiwa ndani na mvuke wake hautoroki. Anayetumia jiko la kawaida naye aloweke maharage usiku kucha, afunike sufuria, na achemshe maji kwa kiasi kinachohitajika tu. Nguo zipigwe pasi kwa pamoja mara moja, kwani kila pasi inapopashwa moto upya umeme hutumika kabla nguo haijaguswa.

Jokofu liwekwe mbali na jua na jiko, na nyuma yake iachwe nafasi ya hewa kupita. Chakula kipoe kwanza kabla ya kuingizwa. Karatasi ikibanwa mlangoni nayo ikachomoka bila kukazwa, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja.

Mita moja, kaya nyingi

Wako wanaoumia bila kosa la matumizi. Katika nyumba nyingi za kupanga, kaya nne hushiriki mita moja. Kila kaya ikitumia uniti 40, mita husoma 160, na nyumba nzima huhesabiwa kama mteja mkubwa. Katika T1 malipo ni shilingi 46,720. Kama kila kaya ingekuwa na mita yake katika D1, zote nne zingelipa jumla ya shilingi 16,000. Wanyonge wanne wamelipishwa kama tajiri mmoja. Wapangaji wa namna hiyo wajadiliane na mwenye nyumba, kisha waulize ofisi ya TANESCO ya wilaya masharti ya kutenganisha mita na ya kupangwa katika D1.

Vilevile, mita ichunguzwe. Vyombo na taa zote zikizimwa, taa ndogo ya mita haipaswi kuendelea kumetameta. Ikiendelea, huenda nyaya zinavuja umeme au kuna aliyejiunganisha. Aitwe fundi mwenye leseni. Mwanachama asifungue nyaya mwenyewe, kwa kuwa umeme unaovuja huua.

Wajibu wa chama

Jambo hili lisiachiwe kila mtu peke yake. Chama cha msingi kinachoweza kununua mbolea kwa pamoja chaweza pia kuagiza taa za LED kwa pamoja, kikawakopesha wanachama na kukata malipo kwenye mauzo ya msimu. Karani aweza kutenga nusu saa katika mkutano mkuu kuonyesha hesabu ya wati na saa, kwa mfano wa vyombo vya ofisi na ghala la chama chenyewe. Bodi nayo ianze kuandika usomaji wa mita ya ofisi kila tarehe mosi, na kuubandika ukutani ili wanachama wauone.

Nyumbani, daftari la shule linatosha. Kila jioni iandikwe namba ya uniti zilizobaki, na kila uniti zinaponunuliwa ziandikwe pia. Baada ya wiki mbili familia itajua siku ipi imezidi uniti mbili na nusu, na kwa ajili ya chombo gani. Mwenye kujua hilo ndiye awezaye kuamua lipi lipunguzwe na lipi liendelee.