Mfupa wa Ishango na Namba za Padri Mersenne

Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard, mfupa mdogo wa kadiri ya sentimeta 10, wenye alama nyingi zilizochongwa kwa safu tatu. Ishango ni jirani yetu: milima yetu ya Masereka yateremkia ziwa hilo. Wataalamu wakadiri mfupa huo kuwa na miaka kama 20.000, leo umewekwa Bruxelles. Katika safu moja alama zimepangwa kwa mafungu manne: 11, 13, 17 na 19.

Mwalimu wa hesabu akiziona hushangaa, kwani ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Namba tasa ni ipi? Ni ile isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Twaa maharagwe 12: utayapanga mistari 3 ya maharagwe manne manne. Ongeza moja, yawe 13: hayakubali tena mistari iliyo sawa, ila uyaweke yote katika mstari mmoja. Euclides wa Ugiriki alikwisha kuonyesha, zaidi ya miaka 2.000 iliyopita, kwamba namba za namna hii hazina mwisho.

Lakini namba ikiwa kubwa sana, tutajuaje kama ni tasa? Padri mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne (1588-1648), mtawa wa Waminimi, alichunguza namba zipatikanazo hivi: zidisha 2 kwa 2 mara nyingi, kisha toa 1. Tujaribu kwa namba za Ishango. Andika 2 mara 11, zizidishe zote pamoja: ni 2.048. Toa 1, zabaki 2.047. Je, ni tasa? Sivyo: ni 23 mara 89. Lakini 13 yatupa 8.191, nayo ni tasa. Vilevile 17 yatupa 131.071, na 19 yatupa 524.287, zote mbili tasa.

Mwaka 1644 Mersenne alitoa orodha ya namba zake, akatia humo 67 na 127. Mwaka 1876 Mfaransa Edouard Lucas alihakikisha kwamba ile ya 127, yenye tarakimu 39, ni tasa kweli. Lakini ile ya 67 si tasa. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Cole akaigawanya: ni 193.707.721 mara 761.838.257.287. Mwaka 2024, kwa msaada wa mashine za kuhesabu, ilipatikana namba tasa ya Mersenne yenye tarakimu 41.024.320.

Basi, namba haiwi tasa kwa sababu mwenye elimu amesema, hata akiwa padri. Yahitaji uthibitisho.

Tuupime vivyo hivyo mfupa wetu. Wengi husema kwamba wazee wa Ishango walijua namba tasa. Lakini safu nyingine ya mfupa uleule ina 9 na 21, ambazo si tasa. Na wengine wadhani kwamba alama zile zahesabu siku za mwezi. Tuwafundishe watoto yaliyo hakika: kando ya Semliki, zamani za kale, mtu alichonga alama kwa mafungu na kwa mpango. Heshima hiyo yatosha. Tukiongeza yasiyothibitishwa, siku watakapogundua watatushuku hata katika yale ya kweli.