Si Kodi Inayomkimbiza Kijana wa Tarasaa

Siku hizi ukikaa kitambo kidogo pale Tarasaa, karibu na maduka ambapo waendeshaji bodaboda hungojea abiria, hutakosa kusikia habari za Uarabuni. Huyu ana dada yake Riyadh, yule ana binamu yake Doha, na mwingine amekwisha kupata pasipoti, anangojea simu ya wakala tu. Katika mazungumzo hayo limezuka neno moja ambalo limenifanya nishike kalamu. Neno lenyewe ni kwamba Mkenya ni maskini kwa sababu ya kodi, na kwamba mtu akitaka kula jasho lake kamili sharti aende katika nchi ambako mshahara hauguswi.

“Mwalimu,” aliniambia kijana mmoja, “Qatar ukiandikiwa kumi, unapewa kumi. Hapa kwetu ukiandikiwa kumi, unapewa saba.”

Sikumjibu papo hapo, kwa maana hesabu yataka karatasi. Leo ninayo karatasi, na ningependa msomaji tuipige hesabu hiyo pamoja. Nina hakika kwamba kijana yule anaona uchungu wa kweli, lakini anaulaumu mkono usiohusika.

Kwanza tumpe haki yake. Ni kweli kwamba Qatar haimtozi mfanyakazi kodi ya mapato juu ya mshahara wake. Nchi ile ni ndogo, takriban theluthi moja tu ya Kaunti ya Tana River kwa ukubwa, na raia wake ni wachache kuliko wageni wanaowafanyia kazi. Inaishi kwa gesi na mafuta. Serikali yenye hazina ya namna hiyo chini ya ardhi haina haja ya kutia mkono katika mfuko wa bawabu. Ni kweli pia kwamba sheria iliyoanza kutumika huko Machi 2021 iliweka kima cha chini cha riali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, awe raia au mgeni, awe wa kiwandani au wa nyumbani. Mwajiri asiyetoa malazi hutakiwa kuongeza riali 500, na asiyetoa chakula aongeze 300. Kwa thamani ya shilingi ilivyokuwa mwaka 2025, riali 1,000 ni kama Sh35,400.

Sasa turudi nyumbani. Nitachukua watu watatu, kila mmoja kutoka kazi yake, na nitatumia kanuni za makato zilizokuwapo mwaka 2025.

Wa kwanza ni mhandisi anayelipwa Sh400,000 na kampuni moja ya jijini. Huyo hukatwa Sh4,320 za hazina ya uzeeni, yaani NSSF. Hukatwa Sh11,000 za bima ya afya ya SHIF, na Sh6,000 za nyumba za bei nafuu. Kisha kodi ya mapato humjia kwa kiasi cha Sh106,000. Anayokwenda nayo nyumbani ni Sh272,700 hivi. Kwa kila shilingi kumi alizoandikiwa, amepata saba kasoro kidogo.

Wa pili ni karani wa duka la jumla mwenye mshahara wa Sh40,000. Hazina ya uzeeni humkata Sh2,400, bima ya afya Sh1,100, ada ya nyumba Sh600, na kodi ya mapato Sh3,150 hivi. Hubakiwa na Sh32,750. Kwa kila kumi amepata nane na ushei. Na huyu ana sababu ya kunung'unika, kwa kuwa mwaka 2022 karani mwenye mshahara uo huo alikuwa akitia mfukoni takriban Sh34,600. Wakati huo NSSF ilikuwa Sh200 tu, bima ya hospitali Sh1,000, na ada ya nyumba haikuwapo. Mshahara umesimama pale pale, unga umepanda, na mkononi pamepungua karibu Sh1,900. Asiyeona ugumu wa jambo hilo hajawahi kulisha watoto.

Wa tatu ndiye wetu. Ni kibarua wa kawaida, au mlinzi, au mfagiaji, katika mji mdogo kama Tarasaa au Garsen. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 ilimwekea kibarua wa nje ya miji mikubwa kima cha chini cha Sh8,600 hivi kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Akiwa kibarua wa shamba, kima chake hakifiki hata hapo, kwani ni kama Sh8,000. Je, mtu huyu hulipa kodi ya mapato kiasi gani? Halipi hata senti moja! Sheria humsamehe kila mwenye mshahara usiozidi Sh24,000.

Hapo ndipo ninapomwomba kijana wangu atulie. Hesabu yake ya kumi na saba ni hesabu ya kweli, lakini si yake. Ni ya yule mhandisi. Kodi ikifutwa kesho asubuhi, mhandisi ataongeza zaidi ya Sh100,000 kwa mwezi, karani ataongeza Sh3,000, na kibarua wa Tarasaa hataongeza kitu. Nchi isiyo na kodi ya mapato ni pepo ya mwenye mshahara mkubwa. Mwenye mshahara mdogo huingia pepo hiyo kama mfagiaji wake.

Basi ni nini kinachomvuta kijana wetu hadi Doha? Linganisha Sh8,600 na Sh35,400, nawe utapata jibu. Kima cha chini cha kule ni mara nne ya kile kilichowekewa mji wake. Mlinzi wa Doha, pamoja na kulala na kula kwa mwajiri, hutia mkononi zaidi ya karani wetu mwenye Sh40,000. Kwa hiyo kijana wa Tarasaa hakimbii kodi asiyoilipa. Anaukimbia ujira wenyewe, kwa kuwa ni mdogo tangu ulipoandikwa, kabla mtu yeyote hajaukata.

Na tuseme ukweli, hata huo ujira mdogo ulioandikwa katika amri ya serikali si wengi wanaouona. Tarasaa na vijiji vyake huishi kwa mpunga, ndizi, maembe, samaki na mifugo. Mapato ya huko hufuata mto na bei ya mchuuzi, wala hayafuati gazeti la serikali. Mradi wa mpunga wa TARDA katika Delta ya Tana ulitarajiwa kuleta ajira ya kudumu, lakini mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliuharibu. Mafuriko yakairudia delta mwishoni mwa 2023, na tena 2024. Mkulima ambaye shamba lake limelala chini ya maji hana mshahara ghafi wala wa mkononi.

Mwendesha bodaboda naye hana hati ya mshahara, lakini asidhaniwe kwamba halipi. Kila ajazapo tangi hulipa. Tangu Julai 2023 mafuta hutozwa ushuru wa asilimia 16, mara mbili ya ulivyokuwa, na tangu Julai 2024 ada ya barabara imepanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Kodi ya namna hiyo haiulizi mtu anapata kiasi gani. Tajiri na fukara huilipa sawasawa, na anayeumia ni fukara.

Hata yule kibarua wetu aliyesamehewa kodi ya mapato hakusamehewa makato. Nikichukua zile Sh8,600 peke yake, NSSF itachukua Sh516, ada ya nyumba Sh129, na bima ya afya Sh300. Jumla ni Sh945, na atabaki na Sh7,655. Hebu msomaji aitazame ile bima. Asilimia 2.75 ya mshahara wake ingekuwa Sh237 tu, lakini kwa sababu sheria imeweka kiwango cha chini cha Sh300, mtu huyu hutoa asilimia tatu na nusu. Mhandisi wa Sh400,000 hutoa 2.75. Yaani mwenye haba ndiye anayetozwa kwa kipimo kikubwa zaidi! Huu ni udhalimu mdogo ulio rahisi kuondolewa, na ni jukumu la Bunge kuuondoa.

Wala sisemi kwamba makato yote ni hasara. Zile Sh516 za uzeeni mwajiri hutakiwa na sheria kuweka nyingine kama hizo juu yake, na zote ni mali ya mfanyakazi. Hapa ndipo ninapomwuliza anayesifu mshahara usioguswa: ukizeeka, nani atakutunza? Sheria ya kazi ya Qatar humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa majuma matatu kwa kila mwaka aliotumika. Ni haki nzuri, na yeyote aendaye huko aidai. Lakini kikishalipwa, na mkataba ukiisha, uhusiano umekwisha. Nchi ile haikuchukua kodi kwa mgeni, na wala haina deni naye. Mgongo ukimwuma akiwa na miaka 60, hatarudi kuuguzwa Doha. Atapelekwa Ngao, katika hospitali inayoendeshwa kwa fedha za hao hao waliobaki nyumbani wakikatwa.

Tena kuna makato ambayo hayaandikwi katika hati yoyote. Kuna wanaouza ng'ombe au kipande cha shamba ili kumlipa wakala, na wengine hukopa. Mtu wa namna hiyo hufanya kazi miezi mingi ya kwanza kwa ajili ya deni, naye bado hujisifu kwamba hakatwi kitu. Kuna ada ya kutuma fedha kila mwezi. Kuna mtoto anayelelewa na bibi, naye akimwita mama kwa simu tu. Sitaji mambo haya ili kumtisha mtu asisafiri. Ndugu zetu wengi wamejenga nyumba na kusomesha wadogo zao kwa fedha za huko, na hakuna mwenye haki ya kuwabeza. Ninachosema ni kwamba atakayekwenda ahesabu yote, na asiishie katika neno moja la kodi.

Na hata neno hilo si la milele. Oman, jirani wa Qatar na nchi yenye undugu wa kale na pwani yetu, ilitangaza mwaka 2025 kwamba itaanza kutoza kodi ya mapato ya asilimia tano mwaka 2028, kwa wenye mapato yanayozidi riali 42,000 za Oman kwa mwaka. Kodi hiyo haitamgusa mtumishi wa nyumbani wala dereva. Lakini imetuonyesha kwamba hata wenye mafuta wameanza kufikiria siku ambayo kisima kitakauka.

Basi yafaa tudai nini? La kwanza, tudai ujira. Ule mpango wa kumwandikia kibarua wa Nairobi au Mombasa Sh16,000 na ushei, na wa mji mdogo Sh8,600, umejengwa juu ya dhana kwamba maisha ya mashambani ni rahisi. Dhana hiyo haijafika Tarasaa. Unga, sabuni, sukari na mabati hutujia kwa barabara kutoka Malindi na Mombasa, na nauli huongezwa juu ya bei. Anayelipwa nusu hauziwi sukari kwa nusu ya bei. Tofauti kidogo yaweza kuelezwa kwa kodi ya nyumba, lakini tofauti ya nusu kwa nusu haielezeki.

La pili, tudai sheria iliyopo itekelezwe. Sheria ya Ajira ya 2007 husema kwamba kibarua anayefanya kazi kwa siku zinazofuatana zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, hata kama mwajiri anaendelea kumwita kibarua. Ni wangapi katika delta hii waliofanya kazi miaka, na hadi leo hulipwa jioni kwa jioni, bila likizo wala NSSF? Mtu wa namna hiyo hakatwi kitu, kama yule wa Doha. Je, ametajirika?

La tatu, yule anayekatwa aone anachonunua. Mtu hatozwi bima kisha akaambiwa dawa akanunue dukani. Kinachowafanya watu wachukie makato si kiasi chake pekee. Wanachukia kutoa bila kupokea. Serikali ya kitaifa na ile ya kaunti iliyoko Hola zifahamu kwamba kila mgonjwa anayerudishwa mikono mitupu ni hoja mpya mdomoni mwa wakala wa kusafirisha vijana.

Nawasihi vijana wa Tarasaa, mnapohesabu mishahara, msiulize tu ni kiasi gani kinachokatwa. Ulizeni kwanza ni kiasi gani kilichoandikwa, na nani aliyekiandika kiwe kidogo hivyo. Ujira wa Sh8,600 ni mdogo ukikatwa, na ni mdogo usipokatwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini walikuwa wakimwambia mtu mwenye haba ya kuweka. Kibarua wetu hajafika hapo, na kumfikisha hapo ni deni la waajiri na serikali ya nchi hii, wala si la serikali ya Qatar.