Kufanana si Kuwa na Nasaba Moja: Funzo kutoka Lugha za Kisiouan

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali linapotutaka tuthibitishe kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, aghalabu majibu huwa orodha: mtu, mũndũ, omuntu, kisha hitimisho. Orodha hiyo si kosa, ila peke yake haijathibitisha lolote. Mpinzani naye ataorodhesha kitabu, safari na sabuni, adai kwamba Kiswahili ni Kiarabu. Tutamjibu nini?

Makala haya yananuia kuonyesha tofauti iliyopo baina ya orodha na uthibitisho. Ili tusipotoshwe na mazoea, tutatumia lugha za mbali ambazo wengi wetu hatuzijui, yaani lugha za jamii ya Siouan huko Amerika Kaskazini.

Jamii hii inajumuisha Kilakota, Kiomaha, Kiosage, Kihidatsa, Kicrow na Kibiloxi, miongoni mwa nyingine. Lugha mame iliyozizaa haikuandikwa na yeyote. Mnamo mwaka wa 1984, wanaisimu waliokutana katika Chuo Kikuu cha Colorado walianza kuunda upya msamiati wake kwa kulinganisha lugha bintize. Kamusi yao linganishi ilitolewa kwenye mtandao mwaka wa 2015, mwaka mmoja baada ya kifo cha Robert Rankin, mmoja wa wahariri wake wakuu.

Je, kazi hiyo hufanywa vipi? Kwanza, huteuliwa maneno ya msingi ambayo si rahisi kukopwa. Tazama mifano hii ya Kihidatsa na Kicrow (tumeacha alama za lafudhi):

nne: topa (Kihidatsa), shoopa (Kicrow)
nyumba: ati (Kihidatsa), ashe (Kicrow)
kufa: tee (Kihidatsa), shee (Kicrow)

Utagundua kwamba penye t ya Kihidatsa, Kicrow kina sh, na hali hiyo inajirudia. Kwa hivyo ushahidi hautokani na mlio wa neno moja na jingine kukaribiana. Unatokana na tofauti zenye utaratibu. Sadfa yaweza kuleta neno moja; ni vigumu sana ilete utaratibu.

Pili, huulizwa ni sauti ipi iliyo ya kale. Kilakota husema topa kwa nne. Kibiloxi, kilichozungumzwa mbali kusini karibu na Ghuba ya Mexico, nacho kilisema topa. Ni rahisi zaidi kuamini kwamba Kicrow kiligeuza t kuwa sh kuliko kuamini kwamba lugha zilizotengana hivyo zote ziligeuza sh kuwa t. Kwa sababu hiyo, mtaalamu huandika *toopa. Kinyota hicho kina maana: neno hili halikusikika popote, limekisiwa kwa hoja.

Tatu, umbo likishapatikana, maana nayo sharti ichunguzwe. Kilakota huita mbwa shunka, na Kiosage shonke. Kiomaha kina shange, lakini maana yake ni farasi. Je, wazee wa Wasiouan walikuwa na farasi? La hasha! Farasi wa kale wa Amerika walikuwa wametoweka maelfu ya miaka, na Wahispania ndio waliowaleta wengine, katika visiwa vya Karibi mwaka wa 1493 na Mexico mwaka wa 1519. Kilakota chenyewe kinafichua siri hii, kwani farasi huitwa shunkawakhan, yaani mbwa wa ajabu au mtakatifu. Neno la kale lilimtaja mbwa; mnyama mgeni akavishwa jina la mwenyeji.

Hatari ya kuamua kwa kufanana tu inadhihirika katika kisa cha Kiofo. Jina la kabila hili lina f, sauti ya kawaida katika lugha jirani za jamii ya Muskogi, basi wataalamu wakaliweka kundi hilo. Mwaka wa 1908, John Swanton alimkuta Louisiana bibi mmoja, msemaji wa mwisho aliyejulikana. Maneno aliyoyatoa yalionyesha kwamba Kiofo ni cha jamii ya Siouan. Kama bibi huyo angefariki mapema, huenda kosa lingebaki vitabuni hadi leo.

Sasa turejee nyumbani. Luganda lina omuntu na ekintu, Kikuyu kina mũndũ na kĩndũ, Kiswahili kina mtu na kitu. Penye nt ya Luganda pana nd ya Kikuyu na t ya Kiswahili. Hapo ndipo penye uthibitisho, hasa ukiongeza viambishi vya ngeli. Kuhusu kitabu, Luganda pia lina ekitabo, lakini mzizi wake ni wa Kiarabu, neno limekopwa. Wingi wa mikopo haubadilishi nasaba ya lugha, kama vile shunkawakhan haikumfanya farasi kuwa mwenyeji wa Amerika.

Basi, mtahiniwa, kabla ya kuandika hitimisho, jiulize: Je, maneno haya ni ya msingi? Je, sauti zinalingana kwa utaratibu katika zaidi ya neno moja? Je, maana imehama, au neno limekopwa? Orodha iliyopita katika maswali hayo ndiyo inayostahili kuitwa hoja.