Vyombo vya Karani wa Zama Zetu (Sehemu ya Tatu): Kibodi ya Ghali na Thamani Yake

Katika makala mbili zilizotangulia tulieleza habari za kiti na meza, kisha habari za kioo cha kompyuta na nuru ifaayo macho. Na leo, kama tulivyoahidi, twafikia chombo ambacho mikono ya karani hukigusa kuliko kitu kingine chochote tangu aanzapo kazi asubuhi hata afungapo ofisi jioni, nacho ni kibodi. Swali ambalo wasomaji huniuliza mara kwa mara ni hili: ikiwa kibodi ya kawaida yapatikana kwa bei isiyofika dola 20 za Kimarekani, na kila herufi iliyomo huandika, basi mtu mwenye akili timamu atoe dola 100, au 200 na zaidi, ili apate nini? Jawabu langu ni kwamba kwa yule ambaye kuandika ndiyo riziki yake fedha hizo hazipotei, maadamu zanunua kile kilichomo chini ya kitufe na si pambo lililo juu yake. Na ushahidi wa neno hili umo katika ufundi wenyewe, ambao yatupasa tuufungue tuutazame ndani.

Kibodi ya rahisi, ukizifungua skrubu zake za nyuma na kuuinua mfuniko, haina siri nyingi. Utakuta karatasi tatu nyembamba za plastiki zilizolazwa moja juu ya nyingine, ya juu na ya chini zikiwa zimechorwa njia za umeme kwa rangi yenye madini ya fedha, na ya kati ikiwa na matundu; na juu ya karatasi hizo pametandazwa mpira wenye vijinundu, kijinundu kimoja kwa kila kitufe. Kidole kikibonyeza, kijinundu hubonyea ghafla, ncha yake ya ndani huikandamiza karatasi ya juu hata ikaigusa ya chini kupitia tunduni, na herufi ikaandikwa. Taabu yake ni kwamba mgusano huo hutokea mwisho kabisa wa safari ya kitufe, kwa hiyo mwandishi hana budi kukishindilia mpaka chini, na kidole kikapata kishindo cha kugota mara elfu nyingi kwa siku. Fauka ya hayo, mpira huchoka. Na ukisha kuchoka kitufe hurudi juu kwa ulegevu, mwandishi akaanza kukipiga kwa nguvu zaidi pasipo kujitambua.

Mafundi wa zamani hawakuyaridhia hayo. Kampuni ya IBM ya Marekani, ambayo kabla ya zama za kompyuta ndogo ilikuwa imekwisha jipatia sifa kwa taipureta zake za umeme, ilikuwa na fundi aitwaye Richard Hunter Harris, aliyepewa hataza mwaka 1978 kwa hikima moja ya ajabu: chini ya kila kitufe aliweka springi nyembamba iliyosimama wima, ambayo ikibonyezwa hata kufika kikomo cha kustahimili, haishindiliki zaidi bali hupinda ubavuni kwa ghafla, na kule kupinda ndiko kunakokitikisa kinyundo kidogo kilicho chini yake kikaipeleka herufi. Katika sekunde ile ile springi hugonga ukuta wa tundu lake ikatoa mlio. Basi kidole husikia mlegeo, sikio husikia mlio, na herufi huandikwa, yote matatu kwa pamoja, na mwandishi hajiulizi kamwe kama amebonyeza sawasawa au la. Kibodi ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na springi hizi, na miaka michache baadaye ikatoka ile iitwayo Model M, yenye uzito upitao kilo mbili, iliyotengenezwa kwa wingi mjini Lexington katika jimbo la Kentucky. Kiwanda kile kikaingia mikononi mwa kampuni ya Lexmark mwaka 1991, na Lexmark ilipoiacha kazi hiyo mwaka 1996, kampuni ndogo ya Unicomp ikaichukua, nayo yaendelea nayo mpaka sasa mjini humo humo. Kibodi za Model M zilizotoka miaka ya themanini zingali zatumika leo, ilhali kompyuta zilizouzwa pamoja nazo zimekwisha sahauliwa.

Huko Ujerumani kampuni ya Cherry ilifuata njia nyingine, na miaka hiyo hiyo ya themanini ikatoa swichi zake za MX, ambazo kila moja ni kisanduku kidogo chenye springi na vijiti viwili vya madini, na mahali vigusanapo pamepakwa dhahabu, ambayo haishiki kutu. Hili kwa sisi tukaao karibu na bahari, penye hewa ya chumvi na unyevu, si jambo dogo. Kitufe cha MX hushuka milimita 4, lakini herufi huandikwa kikifika milimita 2, basi mwenye mkono mwepesi huweza kukirudisha kidole kabla ya kugota. Swichi hizi hutofautishwa kwa rangi: nyekundu huteremka laini kwa uzito wa gramu 45, ya kahawia humpa kidole kipingamizi kidogo, na ya buluu huongeza mlio, nami nawasihi wale wanaokaa chumba kimoja na wenzao waiepuke ya buluu, kwani raha ya mmoja isiwe udhia wa wanane.

Tupige hesabu. Karani hodari aandikaye maneno 50 kwa dakika hubonyeza takriban mara 250 katika dakika hiyo, yaani mara 15,000 kwa saa. Tukisema vidole vyake hucharaza kweli kweli kwa saa tano tu za siku, ni mara 75,000, na kwa siku 300 za mwaka ni zaidi ya mara milioni 22. Sasa, mpangilio wa herufi tuutumiao ni ule uliotokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, iliyouzwa na Remington tangu mwaka 1874, nao haukumdhania Mswahili hata kidogo: q na x zimewekwa mahali pake nasi hatuna kazi nazo, ilhali a, ambayo katika maandishi yetu ni takriban moja ya kila herufi tano au zaidi, imekabidhiwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole cha kuhurumiwa. Kitufe hicho kimoja basi hupigwa kama mara milioni 4 kwa mwaka. Vitufe vya mpira aghalabu hukadiriwa kustahimili mara milioni 5 hadi 10, na Cherry huzikadiria swichi zake kadhaa mara milioni 100. Makadirio ni ya mashine za kupimia, si ya vidole vya watu, lakini hata ukiyapunguza nusu, tofauti ni ya mwaka mmoja hivi kwa upande huu na zaidi ya miaka kumi kwa upande ule.

Ingia steshenari yoyote mjini ambako watu huandikiwa barua na mikataba, uitazame kibodi ya yule kijana akaaye mbele ya kompyuta. Herufi A imekwisha futika, pamebaki weupe unaong'aa, na pengine mwenyewe amebandika kikaratasi na kuiandika tena kwa kalamu. E na I nazo zimo njiani. Lakini Q na X zingali mpya kama zilivyotoka kiwandani. Hii ni athari ya plastiki dhaifu na ya herufi zilizochapwa juujuu. Vitufe vizuri hufanywa kwa plastiki ya namna ya PBT, na wino wake hupenyezwa ndani kwa moto, au herufi yenyewe hutengenezwa kwa plastiki ya rangi ya pili iliyozama mpaka ndani.

Yako mambo ambayo kibodi ya ghali haiyafanyi, na muuzaji akikuahidi usimsadiki. Haitakufanya uandike upesi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aalto cha Ufini na wa Cambridge, katika uchunguzi wao wa mwaka 2018 uliowahusu watu 168,000, waliona kwamba wepesi wa kuandika huambatana na tabia ya kuanza kukibonyeza kitufe kifuatacho kabla ya kukiachia kilichotangulia, na hiyo ni tabia ya vidole vilivyozoezwa. Wala haitatibu maumivu ya kifundo cha mkono ikiwa meza ni ndefu kupita kiasi, jambo tulilolieleza katika sehemu ya kwanza. Kibodi zilizogawanywa pande mbili, kama ile Microsoft iliyoitoa mwaka 1994, huunyosha mkono kwa hakika. Ama kuwa huzuia maradhi, dalili zake zingali hafifu.

Zingatia pia kwamba hataza za Cherry zimekwisha muda wake, na viwanda vya China kama Kailh na Gateron hutengeneza swichi za namna hiyo hiyo kwa bei nafuu, hata kibodi yenye swichi nzuri yaweza kupatikana kwa dola 50 au karibu yake. Kupita hapo, fedha nyingi huenda kwenye taa za rangi, kwenye boma la aluminiamu na kwenye jina. Sizilaumu, lakini karani hazihitaji.

Utakapofika dukani, basi, weka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto juu ya A, uibonyeze polepole, uangalie kiooni kama herufi yatokea kabla kitufe hakijafika chini. Muulize muuzaji kama vitufe huchomoka na kama swichi mbovu yaweza kung'olewa na kupachikwa nyingine pasipo kulehemu. Akikuambia ndiyo, mwambie akuonyeshe kwa mkono wake. Na aandikaye barua mbili tatu kwa juma aibakize fedha yake mfukoni.

Juma lijalo, inshallah, tutatazama habari za kipanya.