Tangi kuukuu la samaki lisioshwe kwa sabuni

Tangi la kioo lililowahi kufugiwa samaki mjini Nakuru aghalabu huwa na ukoko mweupe ukingoni. Hayo ni mabaki ya madini, kwani maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana chumvichumvi na floridi kwa wingi.

Ukoko huo hulainishwa kwa siki, kamwe si kwa sabuni, ambayo ikisalia japo kidogo huweza kuwaua samaki wapya. Kisha tangi lisuuzwe, lijazwe maji na kuachwa siku nzima, ijulikane iwapo linavuja.

Konokono waliobaki ndani wasitupwe mtoni. Kamba wenye asili ya Marekani, waliotiwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1970, waliteketeza mimea mingi ya majini.